Wakuu nimeambiwa niandae "baa 16" za kuimba, nielewesheni kabla sijaaibika

sauti_ya_pili:
Habari za muda huu wakuu. Mimi ni binti wa Moshi, huu mwaka wa nne nipo Marekani, nafanya kazi nyumba ya wazee, shifti za usiku. Sasa kuna kikundi cha maigizo hapa mjini kwetu, watu wa kawaida tu, mara mwalimu, mara fundi bomba, wanaandaa igizo la nyimbo, The Sound of Music, na wametangaza usaili, anakaribishwa yeyote hata kama hajawahi kupanda jukwaani. Bibi mmoja ninayemhudumia ndo kanikomalia, eti kila nikimwogesha naimba kwa hiyo niende nikaimbe na huko. Nikajaza fomu mtandaoni kabla akili haijanirudia.

Tangazo linasema uje na baa 16 hadi 32 na karatasi za nota za mpiga piano. Wakuu, baa ninazozijua mimi zina kitimoto na mziki wa juu. Nimeimba kwaya parokiani tangu kipaimara, sauti ya pili, ila mwalimu wetu alikuwa anaandika solfa ubaoni, d r m, mnakariri mnasonga mbele. Nota za mistari sijui hata moja. Nilifikiria niimbe wimbo wetu mmoja wa Pasaka bila ala yoyote, inafaa? Halafu kuna lafudhi yangu, na lingine nalisema tu kwa kuwa humu hamnijui, lile igizo ni masista wa Austria mwaka 1938 na mimi ni mweusi tii. Si nitaonekana kituko?

Mzee wa Besi:
Dada karibu, nipo Texas, nimeshafanya hayo mambo mara tatu, mara moja nikatoswa. Baa ni kile kipande kati ya mstari uliosimama na mstari uliosimama. Kwenye solfa zipo vilevile, ile mistari mwalimu aliyokuwa anachora ubaoni katikati ya d na r ulidhani mapambo? Wimbo wa nne nne, yaani mapigo manne kila baa, baa 16 ni mapigo 64, ukiwa na mwendo wa kuchangamka ni kama nusu dakika, wa taratibu unafika dakika. Basi. Hawataki wimbo mzima maana nje kuna watu arobaini wanasubiri.

Usiimbe bila ala kama wamesema leta nota, wanataka kusikia kama unaweza kukaa kwenye kii, yaani doh yako isihame, na piano ikiwa inafanya mambo yake mengine. Na kwa kawaida usilete wimbo wa igizo hilohilo mpaka wakuombe, leta wa igizo jingine unaofanana mwendo.

Ila tatizo letu wanakwaya siyo nota. Sisi miaka yote tunafundishwa tusisikike, alto hasa, hiyo sauti yenu ya pili, ukisikika peke yako mwalimu anakutolea macho. Huku ni kinyume. Mimi mara ya kwanza nilisimama mikono nyuma, macho ukutani, kama nasubiri padre aseme Bwana awe nanyi. Sauti ilitoka safi kabisa na sikuchukuliwa. Baadaye yule mama muongozaji akaniambia nimeimba vizuri lakini hakujua nilikuwa naongea na nani. Hilo neno lilinisaidia kuliko mazoezi yote. Sasa kabla sijafungua mdomo naamua naongea na nani na nataka nini kwake, wimbo wa kumbembeleza mtu asiondoke ni tofauti na wimbo wa kufurahi kaondoka hata kama nota ni zilezile.

Chuma Ulete:
Yaani unakesha na wazee usiku kucha, mchana ukaimbe BURE miezi miwili? Ndugu huku wanasubiri hela ya Krismasi dada 😂

sauti_ya_pili:
@Chuma Ulete kwaya ya parokia ulikuwa unanilipa wewe? Na sare tulikuwa tunashona kwa hela zetu.

kinanda_tu:
Niaje wadau, mimi niko Nairobi, ni mpiga piano, nimeshakalia hicho kiti cha kusindikiza watu kwa odisheni mara nyingi so nikuambie vile mambo inakaa upande wetu. Hatujui wimbo wako. Tunauona hapo hapo mara ya kwanza na tunaupiga, kwa hivyo tafadhali usiniletee karatasi tano zinapepea, feni ikiwashwa tunaokota pamoja. Weka kwa faili ama zibandike upande kwa upande, uweke alama kubwa mahali unaanzia na mahali unaishia. Usikate pembeni wakati wa kufotokopi, nota za mkono wa kushoto hupotea chini ya ukurasa na hizo ndio zinakushikilia. Ukifika usinipigie vidole kama mbwa, nakuomba, nisogelee uniimbie polepole mstari mmoja kwa mwendo unaoutaka, nitakushika. Ukipotea usinigeukie na macho ya kulaumu, endelea tu, mimi ndio kazi yangu kukufuata.

Hiyo ya solfa si shida, nusu ya waimbaji wazuri Kenya walilelewa na solfa. Enda kwa zile tovuti zinauza nota, unachagua wimbo na unaushusha hadi kii yako kabla ya kuprinti. Ukishindwa tafuta mpiga kinanda wa kanisa lako umwimbie akwambie doh yako iko wapi. Usiniambie mimi pale pale nishushe nusu toni mbili, wengine wanaweza, mimi jasho hunitoka.

Na jihadhari na filamu. Igizo la jukwaani ni la 1959, filamu ni ya 1965, nyimbo zimehamishwa hamishwa na zingine mbili ziliandikwa kwa ajili ya filamu tu. Hata ule wimbo wa mvua na radi na watoto kitandani, kwa jukwaa Maria anaimba na Mama Mkuu wa masista.

Mama Leeds:
Mwanangu usijitie unyonge. Mwaka 2013 walipoirusha moja kwa moja kwenye televisheni ya Marekani, huyo Mama Mkuu aliimbwa na Audra McDonald, mweusi kama sisi, na hakuna aliyezimia. Lafudhi nayo, hao masista ni Waaustria, si Waingereza wala Wamarekani, kwa hiyo kila atakayepanda pale anaigiza mgeni. Wewe tamka maneno yako mwisho mwisho, usimeze.

Na igizo linafunguka na masista wanasali kwa Kilatini, wanawake watupu, sauti zimegawanywa. Hapo sasa, nani huko kwenu kakulia kwenye Kilatini cha misa kukushinda? Huku Uingereza vikundi vyetu vingi tunalipa ada ya uanachama ndo tuimbe, mwambie huyo kijana wa hela ya Krismasi.

Mzee wa Besi:
Nimesahau la shifti. Kwenye fomu kuna sehemu ya siku ambazo hupatikani, andika ZOTE. Mimi niliwahi kuficha mbili nikidhani nitajipanga, ikafika wiki ya mwisho ambayo ni kila usiku mpaka saa nne saa tano, mtu akachukua nafasi yangu. Nilijitakia.

sauti_ya_pili:
Mrejesho wakuu. Nilienda juzi. Mpiga kinanda wa kanisa alinishushia wimbo, nikabandika karatasi zangu kama fundi, nikamsogelea mpiga piano nikamwimbia mstari, akatabasamu (asante @kinanda_tu). Niliamua naimba kwa yule bibi yangu wa kazini anayegoma kunywa dawa. Mwanzoni sauti ilitetemeka, nikaendelea.

Jana wakaniita tena, tupo wanawake kumi na mbili, wakagawa ile sala ya Kilatini tujifunze palepale. Wenye sauti za kwanza walipendeza sana ila alto wakawa wanavutwa juu kila tukifika katikati, kila mtu anakimbilia melodi. Mimi nikakaa kwangu. Muongozaji wa muziki akasimamisha, akauliza nani huyo anayeshikilia chini, nikanyoosha mkono nikidhani nimekosea.

Nimepata. Sista, wa mstari wa nyuma, maneno yangu ya kusema hayazidi matano. Mazoezi ni jioni tatu kwa wiki, na mbili zinagongana na shifti, niliandika kwenye fomu wakasema watanivumilia kama nitabadilisha moja. Sasa anayejua namna ya kumwomba supavaiza ruhusa ya kwenda kuwa sista bila kufukuzwa kazi anijuze, namkuta saa moja usiku.