Naomba ushauri: ubao upi kwa mawimbi ya Malindi?

Hamjambo wadau. Nateleza mawimbini hapa Malindi, upande wa ghuba usiokingwa na mwamba, ambako kusi likikaza mawimbi hufika hadi mchangani. Nina kilo 78, na ubao wangu ni wa foamu, futi 8. Wimbi likiwa la magotini sina shida nao: ni mpana, unaelea, unashika hata wimbi legevu. Tabu ni Julai na Agosti. Wimbi linasimama wima na kuvunjika ghafla, pua bapa ya ubao inachimba maji, na mimi huyo, chini. Nimejaribu kulala nyuma kidogo. Pua ikainuka, lakini nikawa naachwa na wimbi. Nikaazima mfupi wa futi 6, pua imepinda juu. Unashuka vizuri, ila kuupigia maji kwa mikono ni adhabu, upepo ukiwa usoni ndiyo usiseme.

Rafiki ananishawishi ninunue wenye mkia uliogawanyika kama wa samaki, mapezi mawili chini yake. Pesa yangu ni ya mmoja tu. Je, huo utamudu mawimbi wima ya kusi, au nitafute wa futi 7 wenye pua iliyopinda na mapezi matatu? Na kwa uzito wangu, niangalie ubao wa ujazo wa lita ngapi?