Tupeane uzoefu: ulimpataje mtunzi mpya wa hadithi za mapenzi aliyekuliza?

Wapendwa, habari za usiku huu. Mimi ni muuguzi, na wiki hii niko zamu ya usiku. Wagonjwa wakishatulia na dawa za saa sita zikishatolewa, ninabaki na chupa ya chai ya rangi na kitabu. Jana saa tisa usiku nimemaliza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kwa mara ya nne, na nimemlilia Yasmin kana kwamba sikuwa ninajua yatakayomkuta. Binti ameozwa kwa Raza, mtu mzima wa kumpita mbali kwa umri, halafu moyo wake unakwenda kumwangukia Denge, ambaye serikali ya mkoloni inamwinda usiku na mchana. Kila mara najiambia safari hii nitasoma kwa utulivu, na kila mara nashindwa.

Shida yangu ni hii: nikishampenda mtunzi namsoma mpaka anakwisha, halafu nabaki yatima. Kuli nimesoma, Kasri ya Mwinyi Fuad nimesoma, Haini nimesoma. Ni vitabu vizito na ninaviheshimu, lakini sikuvifungua kutafuta kazi za bandarini wala jela. Nilitaka kuumia tena vile nilivyoumia kwa Yasmin.

Naomba tusirushiane orodha za majina tu. Orodha nimeshazisoma, na nusu yake nimenunua nikaziacha ukurasa wa ishirini. Nielezeni mlimpataje huyo mtunzi: nani alikutajia, ulikuwa wapi, na ni kitu gani kilikufanya useme huyu simwachi.

Naanza mwenyewe. Hicho kitabu cha Vuta N'kuvute sikukinunua. Miaka kadhaa iliyopita kulikuwa na mama anamuuguza mumewe wodini kwetu, na kila jioni baada ya kumlisha uji alikuwa anamsomea kurasa chache kwa sauti ya chini. Mzee alikuwa haongei tena, lakini mama akinyamaza alikuwa anageuza shingo kumtazama, na mama anaendelea. Nilianza kuchelewesha kazi zangu kwenye kitanda kile. Dripu ya kubadilisha kwa dakika mbili naibadilisha kwa kumi. Siku walipoondoka alinipa kitabu kikiwa kimeachia mgongo. Nimekishona kwa plasta ya hospitali, na mpaka leo plasta ile ipo. Kwa hiyo mtunzi huyu nililetewa na mtu aliyekuwa anampenda mtu.

Haya, zamu yenu.

Utingo wa Tunduma

Muuguzi, pole na zamu. Mimi ni utingo wa lori, Dar kwenda Tunduma. Mtunzi wangu nilimpata kwenye chapati.

Tulisimama Makambako asubuhi tukirudi Dar, baridi kali. Mama muuza chapati akanifungia mbili kwenye kipande cha gazeti. Nilipomaliza kula, nikaona kwenye karatasi ile yenye mafuta kuna hadithi. Dada amerudi nyumbani kwao baada ya miaka saba, anabisha hodi, na anayefungua mlango ni mwanamke mwingine aliyevaa kanga yake. Kanga ile ile aliyoiacha! Gazeti lilichanwa hapo hapo.

Nilirudi kwa yule mama mbio. Nikamwambia, "Mama, naomba unionyeshe magazeti yako yote." Akadhani nimechanganyikiwa. Alikuwa na furushi kubwa anayoyanunua kwa kilo. Nikachambua huku dereva anapiga honi na kunitukania ukoo mzima, nikapata sehemu nyingine tatu, hazifuatani. Juu ya mojawapo kulikuwa na jina la mtunzi na namba ya simu, maana watunzi wa magazetini wengi walikuwa wanaweka namba zao. Nilimtumia meseji kutoka Mafinga. Akanijibu jioni, akanieleza hadithi ile imekuwa kitabu na kinapatikana kwa nani pale Kariakoo.

Ndiyo maana nawaambia, msiyadharau magazeti ya udaku na hadithi zake za "itaendelea". Wengi wetu hata Eric Shigongo tulimjua kwa magazeti kabla hatujashika Rais Anampenda Mke Wangu. Mtunzi wa gazetini ana nusu ukurasa tu kwa wiki. Asipokukamata hapo, wiki ijayo hununui. Wanajua kushika roho ya mtu.

Mwalimu wa Zamu

Mimi nafundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita. Nina jambo linaloniuma. Tumewafundisha vijana wasome riwaya wakitafuta dhamira, migogoro na matumizi ya lugha, wajaze karatasi ya mtihani. Kitabu kikishatoka kwenye mtihani, kinatoka na moyoni.

Mfadhili ya Hussein Tuwa niliifundisha miaka mitatu mfululizo bila kuisoma kwelikweli. Nilikuwa naijua kwa "notisi". Mwaka wa nne kijana mmoja wa dawati la nyuma, asiyewahi kunyoosha mkono, alibaki darasani wenzake walipotoka. Akaniuliza, "Mwalimu, hivi mtu aliyeumizwa kama Gaddi anaweza kupenda tena kweli, au mwandishi ametudanganya?" Sikuwa na jibu. Nilikwenda nyumbani nikaisoma kama msomaji, bila kalamu mkononi. Nilipofika kwa Dania nikaelewa kwa nini yule kijana alibaki. Nilikuwa nimekaa na mtunzi wa kuliza watu mezani kwangu miaka mitatu nikimsahihishia maswali.

Dada, rudia vitabu vyako vya shule. Rosa Mistika ya Kezilahabi, kwa mfano, ilitoka 1971 na wakati fulani ikazuiwa shuleni. Wengi wanaijua kwa sifa hiyo tu. Ukiisoma ukiwa mtu mzima utaona mtoto wa kike aliyefungiwa upendo wote mpaka akashindwa kuutambua.

Mpemba wa Maskati

Assalaam aleikum. Mie nipo Maskati mwaka wa kumi na moja sasa, na bi mkubwa wangu yupo Wete. Macho yake hayasomi tena. Kila usiku namrikodia sauti kwa simu, dakika kumi hivi, nampelekea. Tulianza na Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, kitabu cha 1976. Rehema kakataliwa na baba yake mzazi, na anayemstahi mwisho wake ni Sulubu, mkulima hana mbele hana nyuma. Basi siku nikichelewa, bi mkubwa hupiga simu mwenyewe. Hata salamu hanipi. "Sulubu kafanyaje?"

Tulipomaliza kile na Kiu ya mtunzi huyo huyo, akanambia sasa anataka mwanamke atunge, amechoka kusimuliwa mwanamke na mwanamme. Nikakumbuka Zainab Burhani, aliyeandika Mwisho wa Kosa. Nikamwagiza mdogo wangu aende akakitafute Unguja. Akanunua, akampa mtu anakuja huku, kufungua nakuta Zainab mwengine! Zainab Alwi Baharoon, Mungu Hakopeshwi. Nilitaka kukasirika, lakini usiku ule sikuwa na cha kumsomea bi mkubwa, nikaanza hicho hicho. Usiku wa tatu akanambia, "Huyu anatujua." Hajawahi kunambia hivyo kwa mtunzi yoyote. Baadaye ndo nikajua kuwa riwaya ile ilishinda tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell.

Tangu hapo nafuatilia walioshinda tuzo ile, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell. Mwaka 2015 aliyeshinda kwa riwaya ni Anna Samwel Manyanza, Penzi la Damu. Na huko Tanzania tangu 2023 kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu. Kila mwaka mna majina mapya pale, na mengine ni ya watu hawajawahi kutoa kitabu.

Kijana wa Likoni

Mimi ni mfupi wa maneno. Ken Walibora, Siku Njema. Kongowea anatoka Tanga kumtafuta babake Kenya, mama yake mwimbaji ameshafariki. Nilikisoma nikiwa shule, na nilipopata kazi nikapanda basi hadi Tanga kwa sababu ya kitabu hicho pekee. Nilitembea Tanga siku nzima peke yangu na sikuchoka. Walibora alipotutoka Aprili 2020, nilikitafuta kila alichoandika. Si hadithi ya mapenzi kwa maana ya wengi, lakini sijasoma mtoto anayempenda mamake hivyo.

Sehemu ya 41

Jina langu hapa linatokana na yaliyonipata. Nilifuata simulizi ya mtunzi mmoja mtandaoni, nikaingia kwenye kundi lake la WhatsApp, nikatuma elfu mbili kwa simu ili nipate mwendelezo. Sehemu ya 41 binti yuko kituo cha mabasi Ubungo, ana mimba, simu imezima chaji, na mwanamume yule yuko ng'ambo ya barabara hajamwona. Hapo ndipo kundi lilipofungwa. Namba haipatikani. Ni mwaka wa pili sasa, na kila nikipita Ubungo naangalia ng'ambo ya barabara.

Nilichokuja kugundua ni kibaya zaidi. Nilichukua sentensi moja ya simulizi ile, nikaiweka kwenye alama za kunukuu, nikaitafuta Google. Ikatoka ukurasani kwa mtu mwingine kabisa, iliyowekwa miaka mitatu kabla. Yule niliyemlipa alikuwa amebadilisha majina ya wahusika tu. Mtunzi wa kweli alikuwa dada wa Mwanza, na alikuwa ameiandika mpaka mwisho, sehemu 63, bure. Nimeshasoma kila alichoandika, na sasa ndiye mtunzi wangu wa kwanza kabla ya wote.

Jaribuni njia hiyo. Ukikuta simulizi nzuri haina jina la mtunzi, au jina limefutwa futwa, tafuta sentensi yake moja. Chagua yenye maneno yasiyo ya kawaida.

Mtunzi Mdogo

Nashukuru sana Sehemu ya 41 kwa kulisema hilo. Mimi naandika simulizi, na yamenikuta. Nimewahi kutumiwa hadithi yangu mwenyewe na shangazi yangu, "soma hii mwanangu, utalia", jina langu halipo. Nililia kweli.

Ukimpenda mtunzi mchanga, mwandikie mistari miwili na umtajie sehemu iliyokugusa. Halafu muulize yeye anamsoma nani. Swali hilo nimeulizwa mara moja tu tangu nianze kuandika, na nilijibu kwa kurasa mbili. Sisi watunzi tunasomana kuliko mnavyodhani. Wengine tumekutana UWARIDI, umoja wa waandishi wa riwaya, wengine tunabadilishana miswada hata kabla hamjaiona. Ukimpata mmoja umepata watano.

Dada muuguzi, yule mama wa wodini ulimuuliza alikuwa anasoma nini kingine?

Mwanzisha mada

Mtunzi Mdogo, sikumuuliza. Nimekaa na swali lako tangu juzi. Nilipokea kitabu, nikasema ahsante mama, nikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nimesoma kila mlichoandika. Leo asubuhi nilipotoka zamu sikwenda kulala. Nimepitia Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi nikiwa bado na sare chini ya sweta, nikaomba Nyota ya Rehema. Nakala ni ya zamani, karatasi zimekuwa rangi ya chai, na ukurasa wa tisa kuna mtu amepiga mstari kwa penseli chini ya sentensi moja, halafu akaufuta. Nimekaa na sentensi ile muda mrefu nikijiuliza kilichomfanya aufute.

Mpemba wa Maskati, msalimie bi mkubwa. Nimefika ukurasa wa thelathini na moja, Sulubu bado sijamkuta. Tafadhali mkiandika, msinitajie mbele.