Mjadala: Jiji la Tanga lichangie kutunza Mto Zigi kule Muheza, au kila halmashauri ibebe mzigo wake?

Ndugu zangu wa Tanga, naanza na msimamo wangu: lichangie, tena kwa fungu lililoandikwa kwenye bajeti, si kwa hisani ya mkurugenzi aliyepo.

Maji ya Ngamiani, Chumbageni na Makorora yanatoka bwawa la Mabayani, na Mabayani linajazwa na Zigi. Zigi nayo inashuka kutoka Usambara Mashariki, upande wa Amani, wilaya ya Muheza. Maana yake bomba letu liko mikononi mwa mkulima ambaye diwani wetu hamjui wala hamwombi kura. Akilima mpaka ukingoni, masika inashusha udongo, bwawa linajaa tope, na gharama ya kusafisha maji inapanda.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Sawa. Lakini shangazi yangu ameolewa Amani, nimepanda ule mlima tangu utotoni. Mashamba ya kule ni vipande vya mteremkoni. Ukimwondolea mtu mita 60, umemwondolea iliki na migomba yake yote. Tunamwambia aache, halafu maji safi tunakunywa sisi wa pwani. Hapo ndipo ninapoumia.

Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya maji na mazingira, ikakusanya zaidi ya Sh bilioni 53. Najivunia. Ila lile ni deni la miaka 10, na mto hautunzwi kwa miaka 10.

Wa Makorora: Kaka, nakupinga. Bili ya maji nalipa, ushuru wa soko nalipa. Mto una mwenyewe, Bodi ya Maji Bonde la Pangani, na watumiaji wa maji wanailipa ada. Mitaro ya kwetu imeziba, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka chumbani, nawe unataka pesa ya Jiji ipande mlimani? Mfuko wa pamoja utaishia kwenye semina na posho. Nimewahi kuwa mjumbe wa kamati ya mradi fulani wa mazingira: tulikutana hotelini mara tano, mto hatukuuona hata siku moja.

Kutoka Amani: Shikamooni wakubwa. Hatuombi sadaka. Wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi tuna umoja wetu, UWAMAKIZI, na kazi ya kutunza kingo tunaijua. Mkarafuu unashika udongo na unaleta pesa, lakini ukiupanda leo utasubiri miaka sita, saba. Katika kusubiri huko watoto wanakula nini? Ndiyo maana mtu anarudi kulima mahindi mpaka majini. Mtushike mkono kwa miaka hiyo tu. Halafu kuna wachenjua dhahabu mtoni. Mwenyekiti wa kijiji peke yake hawezi kuwazuia.

Muheza mjini: Sisi tumenunua maji kwa ndoo miaka mingi, na Zigi inapita wilayani kwetu. Mkija mezani, msije kama wafadhili.

Mwanzisha mada: Ndugu wa Muheza, nimekuelewa, na neno hilo liandikwe kwenye makubaliano yenyewe: pande mbili sawa.

Kaka wa Makorora, habari ya hoteli inanichoma kwa sababu najua ni kweli. Ila Bonde la Pangani linaanzia Kilimanjaro na Meru, na makao ya Bodi yako Moshi. Bodi hiyo haiwezi kuwa macho yetu kwenye kila kijito cha Amani. Kule Uluguru, kwenye vyanzo vya Ruvu, wakulima wa Kibungo Juu waliwahi kulipwa kwa kuchimba matuta na kupanda miti, na DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam wakati huo, ilikuwa miongoni mwa wachangiaji. Aliyelipwa alilipwa kwa kazi inayoonekana shambani. Ila ule ulikuwa mradi, na mradi una mwisho. Ndiyo maana nang'ang'ania bajeti.

Basi napendekeza hivi: fungu lisilipe kikao chochote. Linunue miche, limfidie mkulima miaka ya kusubiri karafuu, na malipo yatoke baada ya madiwani wa Jiji na wa Muheza kutembea ukingoni pamoja na kuhesabu kilichoota. Nawe uliyeziona zile posho kwa macho yako, wewe ndiye ningependa uwe mkaguzi.

Wa Makorora: Kikao cha kwanza kikiwa mtoni, nitakuja. Lakini hoja ya mitaro sijaifuta. Wanaosema Jiji lina pesa ya yote mawili watuonyeshe fungu la mitaro liko wapi.