Pweza wangu wa chuma watu wanamtazama tu, hawamgusi. Nifanyeje?

FundiGeti, Bagamoyo
Wakuu, habari za jioni. Mimi fundi wa kuchomelea, riziki yangu mageti na grili. Mwezi uliopita nimetengeneza kitu cha moyo wangu: pweza wa chuma, kimo cha mtu mzima, minyiri minane ya mabomba ya maji, kila mnyiri unaning'iniza kipande cha rimu ya pikipiki. Kakaa juu ya beringi. Ukimsukuma anazunguka, rimu zinagongana, kila moja na mlio wake. Wenyewe wakanipa nafasi karibu na soko la samaki.

Sasa watu wanasimama mbali, mikono nyuma, utadhani wamekuja kuaga maiti. Jamaa kaniuliza, "Kupiga picha shilingi ngapi?" Nikamwambia bure, msukume. Akacheka, huyoo! Mama mmoja kamvuta mwanawe sikio: "Vya watu hivyo!" Nikabandika kibao, TAFADHALI SUKUMA, ndiyo kwanza wakazidi kukaa mbali. Halafu chumvi: wiki tatu tu, beringi inalia kama paka.

BintiChumbageni, Tanga
Kaka, kibao toa leo hii. Sisi tangu utoto kibao ni USIKOJOE HAPA, faini elfu hamsini. Nani atasoma mpaka mwisho?

New York kuna boksi la chuma linaitwa Alamo, la Tony Rosenthal, lipo tangu 1967. Limesimama kwa pembe na linazunguka, ila zito, mara nyingi unaita mwenzio msukume wote. Nadhani hapo ndipo penye utamu. Wako mwepesi mno. Mwongezee uzito, mtu aone aibu kushindwa peke yake. Na usijilaumu kwa beringi, lile nalo lilichakaa likafungwa lisizunguke, mpaka lilipotengenezwa 2023.

Mpitanjia88
Achana na kusukuma, bahari ipige yenyewe! Zadar, Kroatia, wana ngazi za ufukweni zenye mabomba 35 chini yake, tangu 2005. Wimbi likiingia linasukuma hewa, ngazi zinaimba. Watu wanakaa juu wanasikiliza.

NahodhaMstaafu, Pangani
Mpitanjia, bahari ya huko haipwi kama yetu. Bagamoyo maji yakitoka unatembea mchangani mpaka uchoke. Kinanda chako kitalala nusu siku, na siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, ndiyo usiseme.

FundiGeti mwanangu, beringi ya pikipiki pwani ni kutupa hela. Umeshaona kapi la jahazi, lile la kupitishia kamba? Gurudumu mbao, mhimili mbao, linapakwa shahamu, basi. Linapandisha foromali, ule mti unaobeba tanga, na tanga lake, na maji ya chumvi yanalirukia mchana kutwa. Nenda kwa mafundi wa ngalawa hapo hapo kwenu, uliza kipande cha mti mgumu. Kikiliwa unachonga kingine, gharama yake chai.

BintiChumbageni, Tanga
Na mnyiri mmoja ushushe ufike kiunoni, uufunge kamba ya katani. Chuma cha juani saa saba nani atashika?

FundiGeti, Bagamoyo
Shikamoo Nahodha. Dada, ahsante. Nimechelewa kurudi, kulikuwa na mageti ya watu.

Kibao nimetoa. Mvule nimepata kwa fundi wa ngalawa, kanicheka kwanza ndipo akanichongea. Tumbo la pweza nimelijaza zege, mtu mmoja anamtikisa tu, wawili anakwenda. Kamba nimefunga. Siku ya kwanza walikuja watoto wa madrasa, wanne, juzuu kwapani. Jioni yake wabeba samaki wawili walishindana, mmoja akaangusha tenga.

Mlio umekuwa mzito kidogo, sikuutaka hivyo, lakini nimeuzoea. Na yule dada anayekaanga pweza upande wa pili, chungu kikiiva anamwita mtu amsaidie kumzungusha wangu. Wateja wakisikia rimu wanakuja na sahani. Beringi nimempa kijana wa bodaboda.