MJADALA: Majengo mazuri huzaa wasanii, au tunajidanganya?

Mleta mada
Wakuu, hili limenikaa moyoni. Majiji yanajengwa mbiombio, kioo na saruji, kila mtaa pacha wa mwenzake. Mimi naamini kazi ya sanaa huanzia machoni. Kati ya 1892 na 1894 mchoraji Mfaransa Claude Monet alichora uso wa kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, zaidi ya mara 30, akifuatisha mwanga wa saa mbalimbali juu ya mawe yaleyale. Jonas Salk, yule wa chanjo ya polio, aliamini fikra zake zilifunguka alipokaa kwenye nyumba ya watawa kule Assisi, na baadaye akampa msanifu majengo Louis Kahn kazi ya kumjengea taasisi yake California. Kwa hiyo nasema halmashauri ziwabane wajenzi, uzuri uwe sharti la kibali. Mtu aliyekulia kwenye maghorofa ya maboksi jicho lake limeshakufa.

Binti Ghorofa
Ya Monet sawa, ila hapo mwisho umenichoma. Jicho limekufa? Nimekulia ghorofa ya nne, dirisha linatazamana na ukuta wa jirani, ukinyoosha mkono unaugusa. Palikuwa na bomba linalovuja. Kila mvua ikinyesha doa la kutu linashuka kidogo, jua likiwaka linakauka na kuacha ukingo wa rangi ya chungwa, mwembamba kama uzi. Nililichora doa lile miaka sita. Leo nabuni michoro ya vitambaa, na rangi ile ndiyo naanzia nayo mpaka kesho. Usinizike nikiwa hai.

Kalamu Nzito
Dada kamaliza. Mleta mada aombe radhi kwanza ndipo tuendelee. Hip hop ilizaliwa wapi? Bronx, New York, kwenye ghorofa la wapangaji lisilo na pambo lolote, miaka ya sabini na kitu, barabara kuu ikiwa imeshapasua mitaa yao.

Mpiga Ngoma
11 Agosti 1973, mkuu. 1520 Sedgwick Avenue. DJ Kool Herc akiwa kwenye santuri, na sherehe yenyewe aliiandaa dada yake apate hela ya nguo za shule. Lakini tusiipe saruji sifa isiyo yake. Jengo lile lilikuwa na ukumbi wa pamoja pale chini ambao wapangaji waliweza kuutumia. Bila ukumbi ule, vijana wale wangekusanyika wapi usiku huo?

Mleta mada
Sijamtukana mtu. Nilimaanisha mazoea, kwamba jicho huzoea ubaya. Na mifano yenu yote ni ya watu waliofanikiwa licha ya mazingira yao.

Binti Ghorofa
"Licha ya"! Sisi tukifanya jambo ni licha ya, wenye matao na nguzo wakifanya ni kwa sababu ya. Doa lile sikulishinda, nililipenda. Nani kakupa mizani ya kupima kipi kimenipa nini?

Fundi Mwashi
Nipisheni kidogo, mimi kujenga ndiyo kazi yangu. Mleta mada, Monet huyohuyo mwaka 1877 alichora stesheni ya treni ya Saint-Lazare, Paris, mara 12: mapaa ya chuma na kioo, moshi umetanda. Kioo ulichokilaani hicho. Sasa pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia Marekani, palikuwa na jengo la mbao lililoitwa Building 20. Lilijengwa 1943 kwa ajili ya utafiti wa rada, liwe la muda tu, lakini likakaa hadi 1998. Sura halina, upepo unapita. Ila ukitaka kupitisha waya unatoboa ukuta, hakuna wa kukuuliza. Yametoka mengi mle, isimu ya Chomsky, yule mtaalamu wa lugha, mojawapo. Mimi nimewahi kukabidhi jengo zuri kweli, mwenye nyumba akaandika kwenye mkataba kwamba mpangaji asipigilie hata msumari mmoja. Roho iliniuma. Nani atabuni kitu mle?

Kalamu Nzito
Na Picasso je? Le Bateau-Lavoir, nyumba ya wasanii kule Paris, nyumba nzima bomba moja la maji, na ndimo alimochorea ule mchoro wake maarufu, Wanawake wa Avignon, mwaka 1907.

Rangi ya Chokaa
Mnazunguka mbuyu. Suala ni kodi. SoHo ya New York yalikuwa maghala na viwanda vilivyohamwa. Wasanii wakaingia kwa sababu palikuwa rahisi, pana, na madirisha makubwa. Wakapapendezesha, matajiri wakapafuata, wao wakashindwa kulipa. Hilo sharti la uzuri kwenye kibali atalilipa nani kama si mpangaji?

Mleta mada
Kodi ni mada nyingine, ndugu yangu. Binti, kwa neno lile nimekosa, nisamehe. Kwenye sharti la kibali bado nipo palepale.

Binti Ghorofa
Radhi nimepokea. Sharti lako silitaki.

Mpiga Ngoma
Kodi si mada nyingine. Kikundi chetu tunafanyia mazoezi kwenye stoo ya zamani, ndefu, paa la bati, kuta tupu. Ukipiga, mwangwi unakurudia umechelewa kidogo. Mwanzoni ulituvuruga, kisha tukajifunza kuusubiri, na sasa mapigo yetu yote yana lile pengo. Watu hudhani tulilibuni. Mwisho wa mwezi huu tunatolewa, patawekwa ofisi. Mwenye kujua ukumbi mrefu wa kodi nafuu aniambie, hata kama ni mbaya wa sura, ila paa liwe la bati.