Kodi ya mwenye fremu, kwa nini inatoka kwenye cherehani yangu?

Wakuu, uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie. Nimeamka nimefura.

Mimi ni fundi nguo hapa Morogoro. Fremu yangu (chumba cha biashara nilichopanga) ni laki na nusu kwa mwezi, na mwenye fremu hapokei pungufu ya mwaka. Yaani milioni moja na laki nane kwa mkupuo. Hilo tumeshalizoea, wala si kilio changu leo. Kilio changu ni asilimia 10 ya kodi ya zuio kwenye pango.

Kwa wale ambao bado hayajawafika: Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtaka mpangaji wa biashara, anapolipa pango, akate asilimia 10, aipeleke serikalini ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na mwenye nyumba apewe asilimia 90 iliyobaki. Hela ni ya mwenye nyumba, kodi ni ya mwenye nyumba, mimi ni mpelekaji tu. Kwenye karatasi imekaa vizuri sana.

Sasa njooni huku mtaani. Nilimfuata mzee mwenye fremu nikamwamkia, nikamweleza taratibu kwamba mwaka huu nitakata 180,000 na risiti nitamletea. Mzee hakupandisha hata sauti. "Mwanangu, mambo yako na serikali usiniletee mimi. Fremu ni laki na nusu. Ukiona nzito, kuna kijana wa chipsi anaiulizia kila siku." Akaingia ndani, akatoka na mkataba wetu, akaniwekea kidole pale chini palipoongezwa kwa kalamu ya bluu: "Mpangaji atalipa kodi zote za serikali." Saini yangu iko hapo hapo chini. Kabla hamjaanza kuniambia nisome mkataba: niliusoma. Nitajieni fremu moja ya barabarani ambayo mkataba wake hauna huo mstari, nihamie kesho.

Kwa hiyo 180,000 ikatoka mfukoni kwangu. Na hapo bado nimeipiga hesabu kwa upole, maana mzee akitaka 1,800,000 kamili mkononi, pango halisi linakuwa milioni 2 na kodi yake 200,000.

Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Mauzo yangu ya mwaka yanacheza kwenye milioni 10. Kwa sisi wadogo tunaotozwa kodi ya mapato kwa kuangalia mauzo, kundi la milioni 7 hadi 11 mwenye kumbukumbu za mauzo analipa 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, na asiye na kumbukumbu anabandikwa 250,000. Daftari ninalo, naandika mpaka zipu na uzi, kwa hiyo kodi yangu mimi ni 180,000. Soma tena. Mimi ninayeshona hadi usiku wa manane msimu wa sikukuu nadaiwa 180,000, na ya mtu anayekuja mara moja kwa mwaka kuhesabu noti ni 180,000, na zote mbili nalipa mimi! Juu yake kuna ushuru wa stempu asilimia 1 ya pango, 18,000, ila huo ni wa mpangaji, siupingi.

Nikaenda ofisi ya kodi kuuliza kama mwenye nyumba hawezi kufuatwa mwenyewe. Kijana wa dirishani akanijibu huku macho yako kwenye kompyuta, "Dada, usipokata unadaiwa wewe. Na yeye mkubaliane wenyewe." Kweli sheria imeandikwa hivyo, nisipozuia deni linahamia kwangu, halafu nina haki ya kumdai mwenye nyumba. Nimdai vipi mtu mwenye ufunguo wa akiba wa fremu yangu? Hata TIN yake (namba ya mlipakodi) tu aligoma kunipa mpaka nikamtuma mwanaye.

Na kukaa kimya haiwezekani. Bila hati ya kutodaiwa kodi, leseni ya biashara haihuishwi, na kwenye makadirio wanataka kuuona mkataba wa pango. Mwenye nyumba hana leseni ya kuhuisha, kwa hiyo hakuna dirisha linalomsubiri. Aliyekabwa ni yule anayelazimika kupita.

Haya yameanza kuwa mazoea jamani. Kodi ya majengo iliingizwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, mwaka 2021, elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikawa 1,500. Umeme ananunua nani? Mpangaji. Tukaambiwa tumalizane na wenye nyumba. Kuna mtu humu aliwahi kurudishiwa hata mia?

Mtasema wenye nyumba nao wana shida zao, wengine ni wajane na wastaafu. Sawa. Lakini aliyewaza kwamba mnyonge wa mkataba ndiye atamkata mwenye nguvu hajawahi kupanga fremu. Wizara au halmashauri inaweza kukata kwa sababu hakuna wa kuifukuza. Mimi na kampuni kubwa tumewekwa kapu moja, na hilo ndilo nataka libadilishwe: chini ya kiwango fulani cha mauzo mpangaji asiwe wakala wa kuzuia kodi. Mkataba wakishauona wana jina, wana TIN, wana anwani ya mwenye nyumba. Wamtumie yeye namba ya malipo, na leseni yangu iachwe itembee.

Pango langu linaisha mwezi ujao. Kama kuna aliyefanikiwa kumkata mwenye fremu asilimia 10 na bado yuko ndani ya fremu hiyo hiyo, aseme alimwambiaje. Wa "hamia kwenye meza ya barabarani" mpite tu, mgambo nawajua.