Robin Olds: rubani mkali vile kwanini aliishia nyota moja?

Kipanga77: Wakuu, huyu Mmarekani Robin Olds alitungua ndege 12 vita ya pili ya dunia, akaja kuongeza 4 Vietnam, ana medali ya Air Force Cross, halafu 1973 anastaafu na ubrigedia jenerali tu. Makamu wake kule Vietnam, Chappie James, alipanda hadi nyota nne. Ilikuwaje?

Mzee wa Radar: Mdomo ndugu yangu. Miaka ya 60 wakubwa akili yote ilikuwa kwenye nyuklia, marubani wanafundishwa kubeba mabomu, mambo ya kupigana ndege kwa ndege wanaona yamepitwa na wakati, yeye anawapinga waziwazi. Ile ndege ya kivita F-4C Phantom aliyorukia Vietnam haikuwa hata na mzinga ndani, makombora tu, na yale makombora yalikuwa yanakosa kila siku.

dogo_wa_anga: Usisahau mtego wake wa angani, Operesheni Bolo, 2 Januari 1967! MiG-21, ndege za kivita za Vietnam Kaskazini, zilikuwa zinawasumbua sana F-105 za Wamarekani zikiwa na mzigo wa mabomu, sasa Olds akachukua F-4 zake pale Ubon, Thailand, akazipitisha njia ileile, mwendo uleule, majina yaleyale ya redioni, mpaka vifaa vya kuvuruga rada wakafunga vya F-105. MiG zikachomoka kwenye mawingu zikijua zimepata kitoweo, zikakuta Phantom. Wamarekani wanahesabu MiG 7 zilizotunguliwa, Vietnam wenyewe wanakubali 5, na hakuna F-4 iliyoanguka.

Mzee wa Radar: Na yale masharubu je 😂 alifuga kinyume na kanuni, aliporudi nyumbani Jenerali McConnell, mkuu wa jeshi la anga, akamwambia yatoke.

Kipanga77: Haha kwahiyo ni ujeuri tu?

Bi Injini: Siyo ujeuri tu, jamaa hakutaka kazi ya mezani. Agosti 1944 akiwa na P-38, ndege ya kivita ya injini mbili, alidondosha matangi ya nje akasahau kuhamishia mafuta ya ndani, injini zote mbili zikazima akiwa anamlenga Mjerumani, na bado akafyatua akamtungua huku ndege inaelea, ndo akawasha tena. Mtu wa hivyo umpe mafaili? 1972, tayari jenerali, aliomba ashushwe cheo awe kanali ili arudi vitani kuongoza marubani, wakamkatalia, mwaka uliofuata akaondoka.